Ukuta unapolia: unyevu, boriti zilizooza na nyufa katika nyumba za mawe

Mwezi wa Mei, masika ikiwa ukingoni, shangazi yangu alinipigia simu kuniambia kwamba ukuta wa chumba chake umevua nguo. Nyumba yake ipo Mji Mkongwe, Zanzibar, ghorofa ya kwanza, ya mawe, zile za kuta nene ambazo mtoto anaweza kulala dirishani akajinyoosha. Nilipofika nilikuta bamba la plasta ya saruji, kubwa kama mlango, limelala sakafuni likiwa zima. Lilikuwa gumu kama kigae. Nyuma yake ukuta wenyewe ulikuwa umelowa, rangi ya kahawia, na chokaa ya katikati ya mawe ilichopoka kwa kidole kama unga wa muhogo ulioshika maji. Juu, pale boriti inapoingia ukutani, nilisukuma bisibisi. Iliingia mpaka kwenye mpini, na sikutumia nguvu.

Plasta hiyo ilipigwa miaka mitatu nyuma, kama dawa ya unyevu. Fundi alimwambia, "Bi mkubwa, chokaa ya kizamani haina nguvu, hapa dawa yake ni saruji tu." Shangazi alilipa, ukuta ukapendeza, na kwa miaka mitatu maji yakafanya kazi yake nyuma ya pazia.

Kauli kama hiyo ya fundi huisikii kwake peke yake. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Wiki kadhaa baadaye barazani bado kila mtu alikuwa na hukumu yake: jumba limezeeka, bahari ipo karibu, mchanga una chumvi, chokaa si kitu cha kutegemea. Na kila masika maneno hayo hurudi, mara hii yakiwa juu ya nyumba zetu wenyewe, na hufuatwa na matangazo ya rangi za kuzuia maji, dawa za mchwa na mafundi wenye suluhisho la siku mbili.

Nimetumia muda mwingi na mafundi wa chokaa na mafundi wa saruji tangu siku ile ya shangazi. Ninachotaka kukieleza ni kimoja. Unyevu, mbao kuoza na ukuta kupasuka tunaviita matatizo matatu, tunaita mafundi watatu, tunanunua dawa tatu. Katika nyumba ya mawe, mara nyingi ni ugonjwa mmoja unaopanda ngazi: maji hukwama ukutani, mbao zilizopachikwa kwenye ukuta huo huoza, kisha ukuta uliokuwa umeshikwa na mbao hizo huanza kwenda zake. Ukitibu ngazi ya tatu na kuiacha ya kwanza, utarudi kulipa tena.

Tuanze na unyevu, au rutuba, kama wazee wa Pwani walivyouita. Unyevu ni maji yaliyomo ndani ya ukuta, iwe unayaona au huyaoni. Kila ukuta una unyevu kidogo, na katika mji wa pwani haiwezekani usiwe nao. Tatizo huanza pale maji yanayoingia yanapozidi yanayotoka. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: yanaingilia wapi, na kwa nini hayatoki.

Kuna milango mitatu ya kuingilia.

Wa kwanza ni wa juu: bati lililotoboka, gata iliyojaa majani, ufa wa darini, bomba la bafu linalovuja. Maji haya huacha doa lenye ukingo kama ramani, na doa hukua mvua ikinyesha au watu wakioga. Katika Mji Mkongwe mlango huu umepanuka sana, kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa inakaa familia nne au tano, na bafu limeongezwa kila ghorofa juu ya sakafu ambayo haikutengenezwa kubeba bafu. Nyumba nyingi nilizoziona zikisingiziwa bahari zilikuwa zinauawa na kiungio cha bomba.

Wa pili ni wa chini. Chukua kibatari. Mafuta yako chini ya kopo, moto upo juu, na hakuna pampu. Mafuta hupanda kwa sababu utambi una vinjia vyembamba sana, na kimiminika hupenda kujipenyeza kwenye vinjia vyembamba hata kama ni kwenda juu. Jiwe la matumbawe, chokaa, tofali na saruji vyote vina vinjia hivyo. Ukuta uliosimama kwenye udongo wenye maji ni utambi. Maji hupanda kiasi cha mita moja hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka pale ambapo kasi ya kupanda inalingana na kasi ya kukauka. Ndiyo maana doa la unyevu wa chini hukaa kama mkanda, usawa wa kiuno, kuzunguka chumba.

Wa tatu ni hewa. Bilauri ya maji ya barafu ikiwekwa mezani hutoa jasho kwa nje. Bilauri haijavuja. Hewa yenye mvuke imegusa kitu cha baridi, mvuke ukageuka maji. Ukuta wa chumba kisicho na dirisha wazi, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, au chumba chenye kiyoyozi kinachopulizia sehemu moja, hufanya vivyo hivyo, na hapo ndipo ukungu mweusi na harufu ya nguo za kale huanzia.

Namna ya kutofautisha mlango wa tatu na miwili ya mwanzo haihitaji kifaa cha bei. Kata kipande cha nailoni, kama karatasi ya daftari mbili, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiwe na upenyo. Subiri siku mbili. Matone yakiwa upande wako, nje ya nailoni, ni jasho la hewa. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Ukipata kote kote, una kazi mbili.

Sasa swali la pili, la kutoka, ambalo ndilo mafundi wetu wengi hawalijibu. Ili kulijibu inabidi kujua nyumba ya mawe imetengenezwa na nini.

Ukuta wa nyumba za Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu, unene wa nusu mita hivi au zaidi. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Zamani waliyapanga juu ya tanuu la magogo na kuyawasha. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900 jiwe huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Linalobaki huzimwa kwa maji, huchemka kwa nguvu, kisha huachwa likae wiki au miezi liive. Likipakwa ukutani, chokaa hiyo huvuta tena hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, lile lile lililotoka baharini. Kazi hii haina haraka. Saruji, ambayo ile ya kisasa ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, hukaza kwa maji kwa saa chache, na ndiyo sababu ilipendwa duniani kote.

Tofauti ya vitu hivi viwili si nguvu peke yake. Ni kupumua. Mtungi wa udongo hutoa jasho, maji ya ndani hupoa, na ukiugusa kwa nje unausikia umelowa kidogo. Ndoo ya plastiki haitoi jasho. Ukuta wa chokaa ni mtungi. Mvua hulowesha, jua na upepo wa kaskazi hukausha, mwaka baada ya mwaka, na mizani hubaki sawa. Ukuta uliovishwa plasta nzito ya saruji, kisha rangi ya mafuta au ile ya kung'aa, umegeuzwa kuwa ndoo, ila ndoo yenye tundu chini na juu. Maji bado yanaingia kutoka ardhini na kwenye paa. Njia ya kutokea ndiyo imezibwa.

Kuna jambo jingine. Ukuta wa chokaa hucheza kidogo, joto likipanda na kushuka, ardhi ikilowa na kukauka. Chokaa huufuata kwa sababu ni laini. Saruji haifuati, hupasuka. Ufa mwembamba ukitokea kwenye plasta ya saruji, mvua hunyonywa ndani kupitia ufa ule na haitoki tena. Kitu kigumu juu ya kitu laini hakikilindi.

Kwa hiyo anaposema mtu kwamba chokaa haina nguvu, naomba aende Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale, uliopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, bado una nguzo na kuba zilizosimama kwa matumbawe na chokaa. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593, ufukweni kabisa, bahari ikiigonga. Uzee wa jengo haujawahi kuwa sababu ya kuanguka. Kuachwa bila matunzo ni sababu, na kutunzwa kwa vifaa visivyopatana nalo ni sababu nyingine.

Chumvi nayo inahitaji maneno yake, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa zaidi. Ule unga mweupe unaotoka ukutani, ambao wengine wanauita magadi, ni chumvi zilizokuwa zimeyeyuka kwenye maji ya ukutani. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanaruka na hewa, chumvi inabaki. Ikikaa juu juu ni uchafu tu, unaufagia kwa brashi kavu. Ikigandia ndani kidogo, nyuma ya rangi au plasta, fuwele zake hukua na kusukuma kuta za vinjia mpaka jiwe na plasta vimomonyoke kuwa mchanga. Ni kweli kwamba mchanga wa baharini usiooshwa huleta chumvi, na ni kosa kuutumia. Lakini chumvi bila maji ya kuisafirisha hailali wala haiamki. Chumvi ya ardhini, ya vyoo vya zamani, ya mvua inayorushwa na upepo wa bahari, yote hupanda gari moja: maji. Usiioshe kwa maji ukidhani unaiondoa. Unairudisha ndani.

Na chumvi ina tabia moja inayowachanganya watu waliokwisha kufanya kila kitu sawa. Huvuta mvuke kutoka hewani, kama kopo la chumvi jikoni linavyolowa siku za masika. Hivyo ukuta ambao maji yake yamekwisha kuzuiwa unaweza kuendelea kuonyesha doa siku za unyevu mwingi, kwa sababu plasta ya zamani imejaa chumvi. Plasta hiyo lazima ibanduliwe itupwe. Isisagwe na kuchanganywa kwenye plasta mpya, jambo nililoliona kwa macho yangu likifanywa ili kubana matumizi.

Tupande ngazi ya pili, mbao.

Sakafu za ghorofa katika nyumba hizi zimebebwa na boriti za mkoko. Ukubwa wa boriti ndio uliopanga umbo la nyumba zetu: mti hauvuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, kisha sakafu ya chokaa iliyotwangwa. Mkoko ni mti mzito wenye utomvu unaochukiwa na wadudu, na ukiwa mkavu unadumu vizazi. Neno kubwa hapo ni ukiwa mkavu.

Mbao huozeshwa na kuvu, viumbe vya jamii ya uyoga. Mbegu zake zipo hewani kila mahali, huwezi kuzifungia mlango, ila haziwezi kula mbao kavu. Maji yaliyomo kwenye mbao yakiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, kuvu hawezi kufanya kazi. Yakipanda juu ya hapo hatari huanza, na yakikaribia asilimia 30 kuvu anakuwa kwenye karamu. Hakuna haja ya kukariri namba hizo. Zinasema jambo jepesi: kuoza ni suala la maji, na dawa ya kupaka haiondoi maji.

Mahali pa kuangalia ni ncha za boriti. Katikati ya boriti panapata hewa, unapaona, unapapaka rangi. Ncha zimezikwa ndani ya ukuta kiasi cha kiganja na zaidi, na ukuta ukilowa ncha ndizo zinazokunywa. Boriti ya shangazi ilikuwa nzuri kwa macho mwanzo mpaka karibu na mwisho, ngumu, nyeusi, ya kujivunia. Ule mwisho uliozikwa ulikuwa umegeuka vipande vidogo vya mraba, kama chokoleti iliyovunjwavunjwa, vinavyosagika ukivibana kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo sura ya mbao iliyoliwa na kuvu. Usiridhike kwa kuangalia. Gonga kwa mpini wa nyundo usikilize kama inaitika au imenyamaza, kisha choma kwa bisibisi sentimita chache kutoka ukutani, pande zote mbili na upande wa chini.

Mchwa ni jambo jingine lakini halijitengi sana na hili. Mchwa wa ardhini hujenga vijia vya udongo kutoka chini mpaka kwenye mbao kwa sababu ngozi yake haivumilii ukavu. Ukuta wenye maji kwake ni barabara ya lami. Kuna pia mchwa wanaoishi ndani ya mbao kavu bila kurudi ardhini, na hao utawajua kwa chembechembe ndogo kama mbegu za mchicha zinazodondoka chini ya boriti au fremu ya mlango. Fukusi wao huacha vitundu vya mviringo na vumbi laini kama unga.

Oili chafu ya gari, ambayo watu wengi huipaka kwenye kenchi na milango wakitegemea kuzuia hao wote, hukaa juu juu tu. Haifiki kwenye ncha iliyozikwa, haiui kundi lililokwisha kuingia, inatia sumu kwenye mikono na hewa ya nyumba, na inaifanya mbao ishike moto kwa urahisi. Ukinunua mbao mpya, tafuta zilizotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani, na kila unapozikata paka dawa upya kwenye mkato, kwa sababu mkato ndio mdomo wa mbao.

Kosa jingine ninaloliona karibu kila nyumba: sakafu ya juu ikivuja, watu humwaga tabaka jipya la saruji juu ya la zamani. Baada ya miaka kumi ishirini boriti zile zile, ambazo ncha zake zimepungua nguvu, zinabeba uzito ambao hazikupangiwa. Kabla ya kuongeza sentimita tano za zege, mtu ashuke chini akaangalie boriti.

Ngazi ya tatu ni ukuta wenyewe.

Ukuta mnene wa mawe mara nyingi si kipande kimoja. Ni kama sambusa: nje na ndani kuna uso ulioshikana, katikati kuna mawe madogo na chokaa vilivyojazwa. Maji yakishuka katikati miaka mingi huosha ile chokaa, mawe madogo yanashuka chini, na nyuso mbili huanza kuachana. Kwa nje unaona ukuta umetoa tumbo. Tumbo la ukuta ni jambo zito kuliko nyufa nyingi, na kwa bahati mbaya halitishi watu kama ufa unavyotisha.

Hapo ndipo boriti zinaporudi kwenye hadithi. Kazi yao haikuwa kubeba sakafu peke yake. Fikiria kitanda cha kamba: kamba zimebeba mtu, lakini pia zinavuta mifumbati ya pande mbili isitengane. Boriti hufunga ukuta wa huku na ukuta wa kule. Ncha zikioza, ukuta wa ghorofa tatu ambao ulikuwa umeshikwa kila baada ya mita nne unageuka kuwa ukuta mmoja mrefu usioshikwa na kitu. Ukuta huo hauhitaji tetemeko la ardhi. Mvua kubwa ya usiku mmoja, inayouongezea uzito na kuulainisha, inatosha.

Kuhusu nyufa, methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na tatizo ni kwamba mafundi wengi wanaitii kwa neno la kwanza tu, wanaziba. Ufa uliozibwa bila kusomwa ni barua iliyochanwa kabla ya kufunguliwa. Kuusoma si uchawi. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa kama ramani ya mito ni plasta iliyokauka haraka, hazina neno. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha au unaopanda kama ngazi kwenye tofali mara nyingi unasema msingi wa upande mmoja umeshuka, na hapo angalia kama kuna shimo la maji machafu, bomba lililopasuka au mti mkubwa karibu. Ufa wa wima kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana, unaopanuka kuelekea juu, unasema kuta hizo zinaagana. Ufa wa mlalo ulioambatana na tumbo unahitaji mhandisi wiki hiyo hiyo.

Lakini muhimu kuliko umbo ni kama ufa uko hai au umekufa. Wazee wa kazi hubandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kwa donge la jipsam kila upande, na kuandika tarehe juu yake. Kioo hakijui kunyumbulika. Ufa ukisogea hata kidogo, kinakatika. Asiye na kioo apige mistari ya penseli pande zote mbili za ufa, apime umbali kwa rula na aandike pale pale ukutani, kisha apime tena baada ya masika na baada ya kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kufuata msimu ni jambo moja. Ule unaofunguka tu ni jingine. Ufa unaoingiza sarafu, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kugoma, sakafu inayotetema ukipita, mchanga unaodondoka usiku bila sababu: ukiwa na viwili kati ya hivi kwa pamoja, toa watu kwenye chumba hicho kwanza, uegemeze kwa nguzo, ndipo muite mtu wa kupima. Na usikubali ukuta wa chini kutobolewa mlango wa duka kwa kauli ya fundi peke yake.

Mpangilio wa tiba unafuata ngazi zile zile, kutoka chini ya ugonjwa kwenda juu. Maji yazuiwe kwanza: bati, gata, mabomba, mfereji wa kuzunguka nyumba, na ardhi ya nje ishushwe ikiwa imepanda kuliko sakafu ya ndani. Kazi hii haina sifa, hakuna mgeni atakayekusifia gata, lakini nyumba ambayo hili limefanywa vizuri na mengine hayajafanywa iko salama kuliko iliyofanyiwa kinyume. Kisha saruji ibanduliwe kwenye ukuta wa chokaa, kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine inayotikisa mawe. Kisha kusubiri. Ukuta wa nusu mita uliolowa miaka mitatu haukauki kwa wiki mbili. Huchukua miezi, pengine mwaka, madirisha yakiwa wazi. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kupaka.

Boriti zilizooza hubadilishwa wakati ukuta uko uchi, sakafu ikiegemezwa kwanza kwa nguzo pande zote. Ncha ya boriti mpya isimiminiwe saruji kuizunguka. Iachiwe nafasi ndogo ya hewa, iketi juu ya jiwe kavu, na ifungwe ukutani ili iendelee kuwa kamba ya kitanda. Ukuta uliopoteza chokaa ya ndani hujazwa chokaa laini ya maji, kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu. Plasta ya chokaa huja mwisho, kwa matabaka membamba, kila moja likinyunyiziwa maji kwa manyunyu mepesi kwa siku kadhaa lisikauke kwa pupa. Rangi iwe chokaa ya kupaka. Kwa walio Mji Mkongwe, kazi hizi zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na ni vyema kwenda mapema, kabla fundi hajashika nyundo.

Walio na nyumba za tofali za saruji, Dar es Salaam au kwingineko, wasidhani makala haya hayawahusu. Maji ni yale yale na milango ni ile ile. Kwao plasta ya saruji si kosa, ukuta wenyewe ni saruji. Kosa lao la kawaida ni kusahau karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, au kuiweka halafu kumwaga uwanja wa zege nje mpaka juu yake, hivyo maji yanairuka. Adui yao wa ziada ni nondo. Chuma kikipata kutu huvimba kuliko kilivyokuwa na kupasua zege kutoka ndani, na karibu na bahari chumvi huharakisha kutu hiyo. Ufa ulionyooka kufuata nguzo au lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, wenye doa la rangi ya kutu, usizibwe kwa saruji juu. Zege bovu lichimbuliwe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe, ndipo lijazwe upya.

Kwa shangazi, chanzo kilikuwa gata. Kiungo chake kimoja kilifumuka nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu anayepita, na kila mvua ilimwaga maji juu ya ukuta ule ule. Kukirekebisha kulichukua asubuhi moja. Ukuta ulikaa uchi tangu Juni hadi Februari, na miezi yote hiyo aliufunika kwa kanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba, ili wageni wasiuone na hewa ipite. Boriti tatu zilibadilishwa. Mzee aliyepiga chokaa alikuja siku nne mfululizo baada ya swala ya alfajiri kuinyunyizia maji kabla jua halijaingia chumbani. Kabati la nguo, ambalo miaka yote lilikuwa limebanwa pale, limesogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani, na shangazi hupitisha mkono nyuma yake kila Ijumaa anapofagia.